Ufunguo wa Tatu

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikivaa ufunguo shingoni. Si urembo. Ni ufunguo wa kufuli la mlango wa grili wa nyumba tunayokodi nyuma ya Buxton, ghorofa ya tatu, na kufuli lenyewe hufungwa mchana na usiku. Mama ana ufunguo mmoja, mimi nina mmoja. Ndugu yangu mdogo, mwenye miaka 16, hana.

Jioni moja mwaka jana nilikuwa napanda ngazi na mfuko wa viazi, bi mmoja wa ghorofa ya pili akanisimamisha. Ni mtu mwema. Hakuna Ramadhani tuliyokosa sahani kutoka kwake. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa: "Mwanangu, kwani yule ndugu yako mwamfungia? Namsikia kila siku akitikisa grili. Yule si kuku, mwanangu. Ni mtoto wa watu."

Sikuwa na jibu. Nikasema "Inshallah, bi," neno ambalo watu wa Mombasa hulitumia tukitaka mazungumzo yaishe bila ugomvi, nikaendelea kupanda. Lakini swali lake likapanda nami, na mpaka leo tunakaa nalo nyumba moja. Je, ni haki kumfungia mtu ambaye hajakosa lolote, kwa sababu tu tunampenda na tunaogopa?

Ndugu yangu ana usonji. Haongei sana. Ana maneno kama kumi na mawili, na mengi ni ya chakula. Nimechoka kusikia watu wakiuita usonji ugonjwa, kwa hivyo nitaueleza kwa namna ninavyouona nyumbani. Ubongo wake unapokea dunia bila chujio. Honi ya matatu ambayo wewe unaisikia na kuisahau, kwake ni kama kofi. Lebo ya nyuma ya shati inamkwaruza siku nzima. Mambo yakienda kwa mpango ule ule, ametulia. Mpango ukivunjika, yeye pia huvunjika, na hapo ndipo watu husema "mtoto huyu hana adabu."

Na anapenda maji. Bomba likifunguliwa anakuja mbio kutoka chumba cha mwisho. Mvua ikinyesha anaweka shavu kwenye grili na kucheka. Ungekuwa unakaa Nyeri, pengine hilo lingekuwa jambo la kufurahisha tu. Sisi tunakaa karibu na Daraja la Nyali. Tangu daraja hili lilipofunguliwa mwaka 1980, likichukua nafasi ya lile la kuelea, magari ya Kisauni, Bamburi na Mtwapa yanapita mlangoni petu kama mto, na chini yake mna maji ya bahari ya kweli. Kutoka ngazi zetu hadi barabarani ni mwendo wa dakika chache. Kwa mtoto anayekimbia, ni chini ya hapo.

Naye hukimbia. Si kwa ukaidi. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti uliofanywa kwa familia zenye watoto wa aina yake, wakakuta kwamba asilimia 49 ya watoto hao wamewahi kujaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kutimiza miaka minne. Hatari kubwa zilizotajwa na wazazi zilikuwa mbili: magari na maji. Nilipoisoma hiyo namba nililia kidogo, halafu nikamsomea mama. Mama akasema, "Basi si mimi peke yangu." Miaka yote hiyo alidhani ni yeye peke yake.

Baada ya maneno ya yule bi nilianza kusoma sheria, usiku, simu mkononi, kama mtu anayetafuta dawa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 29, inasema hakuna mtu atakayenyimwa uhuru wake kiholela au bila sababu ya haki. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na utu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema ulemavu peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru. Nikasoma, nikatazama ufunguo kifuani mwangu. Kwa maandishi haya, mimi ni askari jela.

Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 26, inampa haki ya kuishi. Sheria imempa ndugu yangu vyote viwili, uhai na uhuru, na haikusema nani atasimama kando ya barabara saa kumi jioni ili avipate kwa pamoja.

Wanaposhindwa kumpata wa kusimama pale, watu hurudi kwa mama.

Hii ni tabia ya zamani, na haikuanzia kwetu. Daktari Leo Kanner alipoeleza hali hii mwaka 1943 huko Marekani, aliandika pia kuhusu wazazi waliokuwa baridi kwa watoto wao. Baadaye Bruno Bettelheim, mtu aliyewahi kufungwa katika kambi za Wanazi, akaichukua fikra hiyo mbali zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1967 alifananisha hali ya watoto hawa na ya wafungwa wa kambi. Fikiria mama aliyesoma hayo. Ikiwa mtoto ni mfungwa, basi yeye ni nani? Na tayari mwaka 1964 mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameandika kwamba chanzo kiko katika mwili wala si katika mapenzi ya mama. Ilichukua miaka mingi kabla ya watu kumsikiza.

Kwetu Pwani lawama huja na nguo nyingine. Watafiti waliozungumza na wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya, wakachapisha matokeo yao mwaka 2015, walikuta watu wakitaja mapepo, uchawi na laana, pamoja na shida za wakati wa kuzaa, maradhi na kurithi. Orodha ndefu, lakini ukiitazama vizuri utaona kwamba mara nyingi mama yumo ndani yake. Mamangu aliulizwa kama alipita chini ya mbuyu saa za magharibi akiwa na mimba. Aliulizwa alimkosea nani. Katika hospitali moja aliambiwa mtoto ataongea akikua, asiwe na wasiwasi kama mama wa kwanza, ilhali mimi mzaliwa wa kwanza nilikuwa nimekaa hapo hapo kando yake. Neno "usonji" alilisikia mara ya kwanza ndugu yangu akiwa na miaka saba, kutoka kwa mwalimu wa kituo cha tathmini, vile vituo ambavyo Kenya ilianza kuvifungua mwaka 1984 kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu. Alirudi nyumbani akilirudia njiani asilisahau.

Kwa hivyo yule bi aliponiuliza, hasira yangu ya kwanza ilikuwa: na wewe pia? Nawe waja kutuhukumu? Lakini nilipotulia niliona kwamba hakuwa amemtaja mama. Alikuwa amesikia mlango ukitikiswa akauliza nani anautikisa. Katika miaka minne, alikuwa mtu wa kwanza kuuliza.

Tulipokuwa Buxton ya zamani hatukuwa na kufuli.

Sisemi Buxton ya maghorofa mapya unayoiona leo ukitoka darajani. Nasema zile nyumba za zamani, za enzi za mkoloni, zilizobomolewa baada ya mvutano uliofika mpaka mahakamani. Ndugu yangu alizaliwa pale. Alianza kukimbia akiwa na miaka minane, na mara ya kwanza alirudishwa na mama muuza mahamri, akiwa na hamri moja kila mkono. Mara ya pili alirudishwa na kijana wa tuktuk. Baada ya hapo ikawa kama zamu isiyoandikwa. Watoto waliocheza mpira walijua akivuka mstari fulani waite. Mzee wa duka alijua akiona mguu wake karibu na lami aseme neno moja, "Simama," wala asimshike, kwa sababu akishikwa ghafla hupiga mayowe na kukimbia zaidi. Mama hakufanya mkutano wowote. Alisema kwa mmoja, yule akasema kwa mwingine.

Kila siku saa kumi, jua likianza kupungua ukali, ndugu yangu alitoka. Alizunguka nyumba zote, akafungua bomba la nje, akalisikiliza, akalifunga, akarudi. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake.

Sitaki kupaka mahali pale rangi. Majirani hao hao walimwita bubu, wengine kichaa. Kuna mama mmoja aliyewakataza wanawe kunywa kikombe kimoja naye, asije akawaambukiza. Kuna vijana waliomfanya acheze ili wamrekodi kwa simu. Kijiji cha mjini kina midomo mingi kama kilivyo na macho mengi. Lakini macho yalikuwepo. Wazee wetu wanasema mkono mmoja haulei mwana, na kwa ndugu yangu methali hii haikuwa maneno ya kuandika kwenye kadi ya harusi. Ilikuwa ndiyo tofauti kati ya mlango wazi na mlango wa grili.

Tulipohama, tulipata nyumba karibu, nyuma tu ya hapo, mama akidhani ukaribu utasaidia. Jengo jipya, majirani wapya, kila mtu na mlango wake wa chuma na viatu vyake nje. Wiki ya kwanza ndugu yangu alitoka saa kumi kama kawaida yake. Mlinzi wa geti, asiyemjua, alimshika mkono. Unajua kilichofuata. Jioni ile mama alinunua kufuli.

Baada ya maneno ya yule bi nilifanya jambo ambalo bado naliona aibu. Jumapili moja mama alikwenda mazikoni Kisauni. Nikafungua kufuli, nikaliacha wazi. Sikufanya hivyo kwa ajili ya ndugu yangu. Nilifanya kwa ajili yangu, ili kwa siku moja nisiwe askari jela. Nilikaa mlangoni saa nzima namtazama. Hakuondoka. Nikajiambia, unaona, tumekuwa tukimdhulumu bure. Ilipokaribia saa kumi nikaingia jikoni kupunguza moto wa wali. Niliporudi, mlango ulikuwa mtupu.

Dakika zilizofuata siwezi kuziandika vizuri. Nilikimbia bila viatu. Niliwauliza watu kwa maneno yasiyo na maana: mmemwona mvulana, amevaa bluu, haongei. Wengine walinitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Nilitazama upande wa daraja, nikashindwa kutazama.

Nilimkuta steji ya matatu. Alikuwa ameketi juu ya ukingo wa barabara, ameshika chupa ya maji, anaigeuza juu chini akitazama mapovu. Kati yake na lami alisimama manamba mmoja, mikono ameipanua kama golikipa, akipigia abiria kelele za Mtwapa bila kusogea hata hatua. Matatu yake ilikuwa imeshajaa. Dereva alikuwa anampigia honi kwa hasira.

"Huyu namjua," akaniambia. "Mimi nimekulia Buxton ile ya kale. Nilimwambia 'simama' tu, kama tulivyokuwa tukimwambia. Akasimama." Kisha akadandia gari, wakaenda. Hata ahsante sikuwahi kumpa.

Nikarudi naye nyumbani pole pole, na njiani nikaelewa kwamba nilikuwa nimejiuliza swali baya. Nilikuwa nauliza: nifunge au nifungue? Swali hilo lina watu wawili tu ndani yake, yeye na sisi, na jibu lolote litamuumiza mmoja. Ukifunga, umemnyima jua. Ukifungua, huenda ukamzika. Kwenye Buxton ya kale mlango haukuwa wazi kwa sababu mama alimpenda zaidi au aliogopa kidogo. Ulikuwa wazi kwa sababu nje palikuwa na watu arubaini wanaojua neno moja. Walipotawanyika, kila mmoja na mtaa wake, kufuli lilichukua nafasi yao. Ndiyo maana sasa nasema kufuli letu halikununuliwa na mama peke yake.

Mwanafalsafa Eva Feder Kittay, ambaye binti yake ana ulemavu mkubwa wa akili, aliandika kitabu mwaka 1999 akihoji fikra kwamba jamii ni mkusanyiko wa watu huru wanaojitegemea na kupeana mikono. Kila mmoja wetu, anasema, ni mtoto wa mama fulani, amefika hapa kwa sababu mtu alimbeba. Na anayembeba mwingine naye anahitaji wa kumshikilia, la sivyo ataanguka na aliyebebwa. Nilipoisoma hoja hiyo nilimkumbuka yule bi na maneno yake: mtoto wa watu yule. Alikuwa amesema jambo lile lile kwenye ngazi, bila kitabu. Watu, si mtu.

Najua utakavyonijibu, kwa sababu marafiki zangu wamenijibu hivyo. Kwanza: jirani hakuzaa mtoto huyo, ana kazi zake, na ni dhuluma kumtwika mzigo asiouomba. Ni kweli, na ndiyo maana sidai mzigo. Mzee wa duka hakulea ndugu yangu. Alisema neno moja, labda mara mbili kwa mwezi. Mzigo ambao ukibebwa na mtu mmoja unavunja mgongo, ukigawanywa kwa arubaini unakuwa kama salamu tu.

Jibu la pili ni zito zaidi. Si kila jirani ni mwema. Mtoto asiyeweza kusema ni windo rahisi, kwa sababu hata akitendewa ubaya hataweza kuueleza. Nani atanihakikishia macho hayo arubaini yote ni salama? Hakuna. Hofu hii sina dawa yake, na sitamlaumu mzazi anayefunga kwa sababu yake. Ninachoweza kusema ni kwamba upweke nao si ulinzi. Mtoto anayejulikana na watu wengi, ambaye watu wanajua saa zake na njia zake, akikosekana au akibadilika kuna wa kuuliza. Mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumwona, hata mabaya yakimpata ndani ya nyumba, nani atajua?

Na la tatu: si hii kazi ya serikali? Ndiyo, na nisieleweke vibaya. Shule moja ilimpokea ndugu yangu, baada ya wiki mbili ikamrudisha, ikisema hawana mwalimu wa kumweza. Kama shule ile ingemshika, nusu ya siku kufuli lingekuwa halina kazi. Nairobi, wazazi wa Autism Society of Kenya walianza mwaka 2003 na darasa la watoto wenye usonji ndani ya City Primary, shule ya umma ya kawaida. Walipiga kelele mpaka mlango ukafunguliwa. Tunahitaji madarasa kama yale katika kila kaunti, na sheria imeshatupa haki ya kuyadai. Lakini hata shule bora hufunga jioni. Saa kumi inabaki kuwa ya majirani.

Kuhusu hiyo saa kumi, kuna jambo nililotambua baada ya tukio lile, na linaniumiza mpaka leo. Yule bi alisema kweli, ndugu yangu hutikisa grili kila siku. Kwa miaka minne tuliita hiyo fujo, tukampa simu atazame katuni ili anyamaze. Siku moja nikatazama saa. Kesho yake nikatazama tena. Hutikisa saa kumi. Wakati ule ule aliokuwa akitoka kuzunguka nyumba na kulisikiliza bomba. Hakuwa na fujo. Alikuwa anatuambia muda umefika, kwa lugha pekee aliyo nayo, kila siku, na sisi wenye maneno yote hatukumsikia.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa fundi wa funguo Marikiti nikakata ufunguo wa tatu. Nikashuka ghorofa ya pili, nikabisha. Nikamwambia yule bi kila kitu: Jumapili ile, steji, saa kumi, neno la "simama." Nikamwomba, kama ana nafasi, siku mbili kwa wiki, mimi au mama tushuke naye kwake, akae karibu na bomba la jikoni nusu saa. Tukishazoeana, siku nyingine aje amchukue mwenyewe.

Alikaa kimya, akaugeuza ufunguo mkononi. "Na nikikosea, mwanangu?"

"Utakosea, bi. Hata sisi twakosea."

Akaufunga kwenye ncha ya leso yake.

Kufuli bado lipo. Sijui kama litawahi kutoka, na mama amesema waziwazi kwamba siku nitakayoliacha wazi tena nisilale kwake. Lakini Jumanne na Alhamisi, saa kumi, mlango unafunguliwa, na ndugu yangu anashuka ngazi ishirini, akizihesabu kwa kuzipiga kiganja ukutani. Juzi mtoto wa nyumba ya kwanza, mwenye kama miaka sita, alikuwa amekaa kwenye ngazi. Akamtazama anavyopita, akamuuliza yule bi, "Huyu nani?"

Bi akamtajia jina lake.

"Aongea?"

"Kidogo. Lakini wewe ukimwona kule getini peke yake, mwambie 'simama,' usikie?"

Mtoto akalijaribu lile neno papo hapo, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Ndugu yangu akasimama.